Mizani ya reli Eastlands: Treni nyingi au treni za hakika?

KIBARUA wa Mukuru kwa Njenga anayetegemea viwanda vya Nairobi huihesabu asubuhi yake kwa dakika. Akichelewa kufika langoni, huenda akapoteza ujira wa siku nzima, kwa kuwa kazi ya siku hugawiwa wale waliokuwapo lango lilipofunguliwa. Kwa mtu wa namna hiyo, suala la treni ngapi zipite kwa saa, na ngapi kati ya hizo zifike kwa wakati uliotangazwa, ni suala la chakula cha jioni.

Masuala hayo mawili, wingi wa treni na uhakika wa safari, huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja. Wanasiasa huahidi treni zaidi, nao abiria hudai treni zisizochelewa. Ukweli ni kwamba katika reli yenye njia chache na abiria wengi, matakwa hayo mawili hugombania dakika zile zile. Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na namna mizani hiyo inavyoweza kusawazishwa katika reli ya vitongojini jijini Nairobi.

Mtaa na reli yake

Mukuru kwa Njenga uko kusini mashariki mwa jiji, katika eneobunge la Embakasi Kusini, kati ya Barabara ya Mombasa na mtaa wa Pipeline. Pamoja na Mukuru kwa Reuben na Viwandani, mtaa huo ulitangazwa na Serikali ya Kaunti ya Nairobi kuwa eneo maalumu la upangaji mnamo Agosti 2017. Familia zinazoishi katika mitaa hiyo mitatu zilikadiriwa kufikia takriban 100,000. Katika sensa ya 2019, jiji zima lilikuwa na watu 4,397,073.

Wakazi wengi wa Mukuru hutembea kwa miguu hadi Eneo la Viwandani, kwa sababu kazi iko karibu na nauli ya kila siku ni mzigo. Reli huwafaa zaidi wale ambao riziki yao iko mbali: katikati ya jiji, Makadara, Syokimau, au hata upande wa pili wa Nairobi. Kituo kilicho karibu nao ni Imara Daima, kwenye njia ya Syokimau. Njia ya Embakasi nayo huhudumia mitaa jirani ya Donholm na Pipeline.

Reli hiyo ni kongwe. Ilifika Nairobi mwaka wa 1899 ikitoka Mombasa, ikiwa na upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Ilijengwa kwa ajili ya safari ndefu za kuelekea Ziwa Victoria, ambako ilifika mwaka wa 1901. Waliochora ramani yake hawakuwazia maelfu ya watu wanaotaka kuingia mjini kwa pamoja kabla ya saa mbili asubuhi. Mitaa ya Eastlands ilikuja kuota kandokando ya reli iliyokwisha kujengwa kwa shughuli nyingine.

Uendeshaji wake pia umebadilika mara kadhaa. Shirika la Reli la Kenya liliundwa baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1977. Novemba 2006, shughuli za uchukuzi zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, lakini mkataba huo ukavunjwa mwaka wa 2017 na shughuli zikarejea mikononi mwa shirika.

Katika kipindi hicho ndipo reli ya vitongojini ilipoanza kuvikwa sura mpya. Rais Mwai Kibaki alifungua kituo cha Syokimau mnamo Novemba 13, 2012. Miaka minane baadaye, Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta alizindua huduma iliyofufuliwa, ikiwa na treni 11 za dizeli zilizonunuliwa Uhispania, ambako zilikuwa zimetumika katika kisiwa cha Mallorca. Treni hizo hubeba injini zake zenyewe na huweza kuendeshwa kutoka pande zote mbili. Zikifika mwisho wa njia, hakuna haja ya kukifungua kichwa cha treni na kukizungusha ili kivute mabehewa kurudi. Dakika zinazookolewa hapo zina thamani kubwa, kama tutakavyoona.

Fundo la Makadara

Ukitoka Stesheni Kuu ya Nairobi kuelekea mashariki, treni za Syokimau, za Embakasi na za Ruiru zote hupitia Makadara kabla ya kuachana. Njia tatu hutegemea mlango mmoja. Treni ya Ruiru ikikwama karibu na Makadara, abiria aliyesimama Imara Daima hataiona, lakini ataisikia katika saa yake ya kufika kazini.

Aidha, treni za vitongojini si peke yake zinazotumia chuma hicho. Treni za mizigo za reli ya zamani pia huhitaji kupita Nairobi. Reli ya kisasa, iliyozinduliwa Mei 31, 2017 kwa safari za abiria kati ya Mombasa na Nairobi, ina upana wa milimita 1,435, na kwa hivyo treni zake haziwezi kuingia kwenye reli ya mita 1. Abiria anayetoka katikati ya jiji kwenda kuipanda huhitaji treni ndogo ya kumpeleka hadi kituo kikuu cha reli ya kisasa kilicho Syokimau. Treni hiyo ya kuunganisha ikichelewa, mtu hukosa safari ya Mombasa aliyokwisha kuilipia. Ni jambo la kawaida, basi, treni ya kuunganisha kupewa kipaumbele, na kila kipaumbele kinachotolewa kwa mmoja hutoka kwenye dakika za mwingine.

Hesabu ya njia moja

Sehemu kubwa ya mtandao huu ni ya njia moja: treni zinazokwenda na zinazorudi hutumia chuma kile kile, na hupishana tu mahali palipojengwa njia ya pembeni. Ili kuelewa maana yake, tuchukue mfano wa kubuni.

Tuseme kuna sehemu mbili za kupishania, na safari kutoka moja hadi nyingine huchukua dakika 12. Treni ikishafika, wahudumu wanahitaji dakika 3 kuhakikisha njia iko wazi, kugeuza reli na kuiruhusu treni inayosubiri iondoke. Treni moja basi imetumia dakika 15, na ile ya upande wa pili itatumia dakika 15 nyingine. Mzunguko kamili ni dakika 30. Hata treni zikiwa 100 na madereva wawe tayari, sehemu hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya treni 2 kwa saa kila upande, zikipishana moja moja.

Je, tukijenga sehemu nyingine ya kupishania katikati? Safari itapungua hadi dakika 6, lakini zile dakika 3 za matayarisho hazipungui. Kila treni itatumia dakika 9, na mzunguko utakuwa dakika 18. Sasa zinapita treni 3 kwa saa kila upande, na zinabaki dakika 6. Gharama ya ujenzi imelipwa, na nyongeza iliyopatikana ni treni moja. Dakika zile 3 zingepunguzwa kwa ishara za kisasa na reli zinazogeuzwa kwa umeme badala ya mkono, faida ingeongezeka.

Njia nyingine ya kukwepa kizingiti hicho ni kuzifuatanisha treni kadhaa upande mmoja: asubuhi zote ziingie mjini, jioni zote zitoke. Ndiyo sababu huduma ya vitongojini hujikita katika saa hizo mbili. Hata hivyo, mpango huo hudai mahali pa kulaza treni nje ya jiji usiku, na humwacha bila usafiri mfanyakazi wa zamu anayetoka kazini adhuhuri au usiku wa manane.

Dakika za akiba

Katika mfano wetu wa kwanza, treni 2 kila upande zilimaliza dakika zote 60 za saa. Kwenye karatasi, ratiba hiyo inapendeza. Kwenye reli, ni ratiba isiyo na pumzi. Treni ya kwanza ikichelewa dakika 5 kwa sababu abiria walisongamana mlangoni, ile inayoisubiri upande wa pili itachelewa dakika 5, nayo itaichelewesha ya tatu, na hiyo ya tatu ya nne. Hakuna dakika ya kulipia deni hilo mpaka msongamano wa asubuhi uishe.

Muungano wa Kimataifa wa Reli, UIC, wenye makao yake jijini Paris, ulitoa mwaka wa 2004 mwongozo unaojulikana kama 406 kuhusu kiasi cha muda ambacho njia ya reli inafaa kutumiwa. Kwa njia zinazohudumia treni za vitongojini pekee, mwongozo ulipendekeza kisizidi asilimia 85 katika saa ya msongamano na asilimia 70 kwa siku nzima. Kwa njia zinazochanganya treni za abiria na za mizigo, viwango vilikuwa asilimia 75 na 60.

Kwa lugha ya dakika, saa ya msongamano kwenye njia ya vitongojini pekee iachiwe dakika 9 ambazo hazikupangiwa treni yoyote, na kwenye njia mseto dakika 15. Mhasibu anayezitazama dakika hizo tupu ataziona kama hasara. Kwa hakika ndizo zinazoifanya treni ya saa mbili iwe treni ya saa mbili.

Ukirudi kwenye mfano wetu wa pili, zile dakika 6 zilizobaki baada ya kujenga sehemu mpya ya kupishania ni asilimia 10 ya saa. Kwa kipimo cha UIC, bado hazitoshi. Meneja ana shauri la kukata: aendeshe treni 3 na kuishi kwa bahati nasibu, au aendeshe 2 na kuwa na akiba ya kutosha. Hapo ndipo mizani yenyewe ilipo.

Treni zile zile, kungoja tofauti

Wapo watakaosema kwamba abiria hajali ratiba, ilmradi treni ziwe nyingi. Hoja hiyo ina ukweli pale treni zinapopita kila baada ya dakika 3 au 4, kama ilivyo katika miji mikuu ya Asia na Ulaya. Huko mtu hufika kituoni bila kuangalia saa. Treni zikiwa 2 kwa saa, mambo hugeuka.

Tuseme treni 2 zinapita Imara Daima kila saa, zikiachana kwa dakika 30. Abiria anayefika kituoni bila mpango atangoja wastani wa dakika 15. Sasa tuseme ni treni zile zile 2, lakini zimevurugika: moja inafuata nyenzake baada ya dakika 10, na inayofuata inakuja baada ya dakika 50. Idadi haijabadilika. Hata hivyo, watu 5 kati ya kila 6 watafika kituoni katika kile kipindi kirefu cha dakika 50, nao watangoja wastani wa dakika 25. Ni mmoja tu kati ya sita atakayengoja dakika 5. Wastani wa wote unapanda hadi karibu dakika 22.

Madhara hayaishii kwenye kungoja. Wale watano kati ya sita wote watataka kupanda treni moja, huku ile iliyotangulia au itakayofuata ikipita nusu tupu. Treni iliyojaa pomoni husimama muda mrefu zaidi kila kituo, maana wanaoshuka hupambana na wanaopanda, na mlango haufungiki. Hivyo treni iliyochelewa huzidi kuchelewa. Msongamano huzaa ucheleweshaji, na ucheleweshaji huzaa msongamano.

Kwa hesabu hiyo, ripoti inayosema kwamba idadi ya treni za siku haikupungua inaweza kuwa ya kweli huku abiria wakiwa wameumia. Idadi peke yake haimwelezi mtu alisimama muda gani.

Treni ya kuwekwa kando

Uhakika pia hutegemea kilichoko kwenye karakana. Tuseme safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kupumzika mwisho wa njia, inachukua saa 2, na treni inatakiwa kila baada ya dakika 30. Zinahitajika treni 4. Shirika likiwa na 4 na kuzitoa zote kila asubuhi, siku moja itakapoharibika kutakuwa na pengo la saa nzima, na walioachwa watajazana kwenye inayofuata. Likiwa na 5 na kuiweka moja kando ikiwa tayari, abiria huenda wasijue kwamba lolote lilitokea. Kishawishi cha kuitoa ile ya tano ni kikubwa, hasa watu wanapoonekana wamebana mlangoni.

Jiji la Addis Ababa nchini Ethiopia limetoa funzo chungu. Reli yake ya mjini ilifunguliwa Septemba 2015 ikiwa na treni 41 mpya. Katika miaka iliyofuata, sehemu kubwa ya treni hizo ilisimama kwa ukosefu wa vipuri, na abiria wakabaki na nafasi ndefu kati ya treni na treni. Treni za Nairobi zilizotoka Mallorca zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, na kila mwaka unaopita huifanya bajeti ya vipuri kuwa muhimu kuliko bajeti ya sherehe za uzinduzi.

Vivuko na ardhi

Baadhi ya ucheleweshaji hautokani na reli kabisa. Mnamo Oktoba 30, 2013, basi lilogongana na treni kwenye kivuko cha Mutindwa, karibu na mtaa wa Umoja, na watu wasiopungua 11 wakafariki. Pale barabara na reli zinapokatana bila daraja, kila treni inayoongezwa ni hatari iliyoongezwa, na dereva mwangalifu hana budi kupunguza mwendo. Daraja moja la kupitisha magari juu ya reli linaweza kuleta uhakika ambao hakuna ratiba inayoweza kuuleta.

Ardhi nayo ina historia yake. Mwaka wa 2004, wakazi na wafanyabiashara waliokuwa wameketi katika ardhi ya reli huko Kibera na Mukuru walipewa ilani ya kuhama. Baada ya wakazi kupinga, uliandaliwa mpango wa makazi mapya uliofadhiliwa na serikali pamoja na Benki ya Dunia. Waliosajiliwa walijengewa nyumba na vibanda vya biashara kandokando ya reli, na ukuta ukatenganisha makazi na njia ya treni. Mpango huo ulichukua miaka mingi. Yeyote anayependekeza njia ya pili ya reli kupitia Mukuru lazima ahesabu miaka hiyo pia, na watu watakaoguswa. Ndiyo maana ishara bora, vivuko salama na vipishano vichache vilivyochaguliwa vyema hutangulia njia mpya: huhitaji ardhi kidogo zaidi.

Majirani na walio mbali

Dar es Salaam ilianzisha treni za mjini Oktoba 2012, zikapachikwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Njia moja ilitoka stesheni ya kati hadi Ubungo Maziwa, na nyingine ikatumia reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Kwa kuwa reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na ile nyingine milimita 1,000, treni ya njia moja haikuweza kuokoa jahazi kwenye njia ya pili. Kila upande ulihitaji akiba yake. Kampala nayo ilianza safari za Namanve Desemba 2015, ikitumia reli ya upana kama wa Nairobi.

Uswisi ilichukua mkondo tofauti. Tangu mwaka wa 1982, ratiba ya nchi nzima imepangwa ili treni ipite kituoni kila saa, dakika ile ile. Ikiwa ni dakika ya 12, basi ni dakika ya 12 asubuhi, mchana na jioni. Abiria hahitaji kubeba kijitabu. Ratiba ya aina hiyo haidai treni nyingi, inadai tu ahadi iliyopimwa vizuri na kutimizwa kila siku. Kwa mtaa ambao wakazi wake hawana muda wala data ya simu ya kupoteza kwa kutafuta ratiba, dakika moja inayokumbukika ina faida kubwa.

Kusawazisha mizani

Haifai kudhani kwamba uhakika unapatikana kwa kupunguza treni tu. Treni inayofika kwa wakati mara moja kila baada ya saa 2 haimsaidii mtu ambaye mtoto wake aliamka mgonjwa na akaikosa kwa dakika 2. Na treni zikipunguzwa mno, msongamano unaobaki huvuruga hata zile chache. Kuna kiwango cha chini ambacho chini yake watu huiacha reli na kurudi kwenye matatu, pamoja na nauli zinazopanda mvua inaponyesha.

Busara iko katika mpangilio wa hatua. Kwanza, shirika litangaze treni ambazo njia inaweza kuzipitisha huku dakika za akiba zikibaki. Pili, iwepo treni moja iliyo tayari karakanani kila asubuhi. Tatu, fedha za ujenzi ziende kwanza kwenye fundo la Makadara, kwenye ishara na kwenye vivuko, kwa sababu hapo ndipo dakika moja inayookolewa hugawanywa kwa njia tatu. Baada ya hayo, kila nyongeza ya treni itakuwa nyongeza ya kweli.

Upimaji wenyewe uwe wa haki kwa abiria. Treni iliyofutwa ihesabiwe kama iliyochelewa, isitoweke kwenye takwimu. Muda upimwe pia katika vituo vya kati kama Imara Daima, wala si Stesheni Kuu peke yake, maana ni rahisi kuongeza dakika mwishoni mwa ratiba ili treni ionekane imefika kwa wakati hali wa katikati wamengoja. Na matokeo yabandikwe kituoni, mahali anapoweza kuyasoma yule aliyesimama.

Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kwa kibarua wa Mukuru kwa Njenga, treni 2 zinazokuja kila saa bila kukosa zinaweza kumwajiri. Treni 3 za karatasini zinaweza kumkosesha kazi.